Jinsi ya kuiga kwa kompyuta mnyororo wa polima ndani ya kimiminika kinachotiririka: mwongozo kamili

Wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Programu inakwenda vizuri kwa muda, kisha ghafla nambari zote zinageuka NaN, alama ya kompyuta kwamba jibu si nambari tena. Au haiharibiki hata kidogo, inatoa grafu safi ya kupendeza, kumbe kila nambari kwenye mhimili imezidi mara mbili. Hili la pili ndilo baya, maana programu iliyolipuka inakuambia yenyewe kwamba ni mbovu, lakini iliyokosea kimyakimya itakufuata hadi kwenye ripoti.

Kwa hiyo tutakwenda kwa sharti moja: usiongeze kitu kipya kwenye programu mpaka kilichomo kimetoa nambari ambayo hesabu ya kalamu imeshaitaja. Kila hatua hapa chini ina nambari yake. Ukiikosa, simama hapo.

Tunaiga minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu, iliyo kwenye myeyusho mwepesi, kila mmoja peke yake, bila kugusana na mwenzake. Polima iliyoyeyushwa yenyewe kwa yenyewe, minyororo ikiwa imesongamana, ni kazi nyingine yenye zana nyingine.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta ya kawaida. Mezani au mpakato, yoyote inatosha kwa shanga 20.
- Lugha ya programu inayoshughulikia safu kubwa za nambari kwa mkupuo. Python yenye NumPy inatosha. C, Fortran au Julia zina kasi zaidi.
- Kizalishi cha nambari nasibu zenye mgawanyo wa Gauss: wastani 0, mkengeuko sanifu 1.
- Uwezo wa kuzihesabu vekta bila kuhangaika.
- Daftari. Andika humo mbegu ya kizalishi (nambari inayokianzisha), ukubwa wa mruko wa muda (kipande kidogo cha muda ambacho programu inasonga kwa mara moja) na matokeo ya kila jaribio. Bila rekodi hiyo hutajua ni badiliko lipi lililoharibu.

Huhitaji kuziiga molekuli za maji. Maji yanawakilishwa na vitu viwili tu: ukinzani dhidi ya mwendo wa ushanga, na misukumo ya nasibu inayotokana na joto. Pia huhitaji sanduku lenye mipaka inayojirudia, kwa sababu mnyororo hauna jirani.

## Hatua ya 1: Chagua vipimo, kisha usahau mita na sekunde

Mnyororo tunauchora kama shanga zilizounganishwa kwa springi. Ushanga mmoja unawakilisha kipande kirefu cha molekuli, si atomu moja.

Herufi zitakazotumika ni hizi:

- ζ ni ukinzani wa kimiminika kwa ushanga mmoja
- H ni ugumu wa springi
- kT ni nishati ya joto
- N ni idadi ya shanga
- γ ni kasi ambayo tabaka za kimiminika zinapitana

Weka ζ = 1, H = 1, kT = 1. Kipimo cha urefu sasa ni √(kT/H), na cha muda ni ζ/H. Ukifika mwisho ndipo utageuza kuwa mikromita na sekunde.

Sababu ni ya kiutendaji. Ukitumia kT halisi utakuwa unabeba nambari kama 4 × 10⁻²¹ ndani ya kila mstari, na kosa la kuacha herufi moja halitaonekana kwa macho.

## Hatua ya 2: Shanga mbili, springi moja, kimiminika kimetulia

Usianze na mnyororo. Anza na shanga mbili. Kanuni ya kusogeza kila ushanga kwa mruko mmoja wa muda Δt ni hii:

r mpya = r + (u + F/ζ)·Δt + √(2kT·Δt/ζ)·g

u ni kasi ya kimiminika mahali ushanga ulipo (kwa sasa ni sifuri), F ni kani ya springi, na g ni vekta ya nambari tatu za Gauss, mpya kwa kila ushanga na kila mruko.

Tazama vizuri kipande cha mwisho. Mzizi wa mraba unaifunika Δt. Mtu akiandika Δt nje ya mzizi, misukumo ya joto inafifia kila anapopunguza mruko, na springi inasinyaa kuelekea sifuri. Akisahau ile 2, joto linakuwa nusu. Ukipewa programu ya mtu mwingine uikague, anza na mstari huu kabla ya mwingine wowote.

Onyo jingine: baadhi ya watu hutumia nambari nasibu zilizosambaa sawasawa kati ya −1 na 1 kwa sababu zinazalishwa haraka. Inaruhusiwa, ila lazima zitoke kati ya −√3 na √3, la sivyo mkengeuko wake si 1.

Utajuaje umefaulu. Chukua jozi 10,000 za shanga, mruko Δt = 0.01, uziache zizunguke mpaka muda ufike 5 hivi. Kisha pima vekta Q inayotoka ushanga wa kwanza hadi wa pili. Wastani wa Qx² unapaswa kuwa karibu na 1, vivyo hivyo Qy² na Qz².

Kwa hakika hutapata 1 kamili. Njia hii rahisi ya kuruka, iitwayo ya Euler, ina upotofu unaojulikana: kwa springi hii wastani ni 1/(1 − Δt). Mruko wa 0.01 unatoa 1.01, na wa 0.1 unatoa 1.11. Jaribu yote mawili. Programu inayotoa 1.11 pale inapotakiwa kutoa 1.11 ni programu unayoweza kuanza kuiamini.

Kipimo kimoja cha jozi 10,000 kina yumbayumba ya takriban asilimia 1.4, kwa hiyo chukua wastani wa vipimo vingi vilivyoachana kwa muda, ndipo utaiona hiyo 1.01.

## Hatua ya 3: Washa mtiririko

Mtiririko rahisi kuliko yote ni ule wa tabaka zinazopitana: kimiminika kinakwenda upande wa x, na kadiri unavyopanda kwenye y ndivyo kasi inavyoongezeka. Yaani u = (γ·y, 0, 0).

Bado tuko kwenye shanga mbili. Weka γ = 4. Kalamu inasema hivi:

- wastani wa Qx² = 3
- wastani wa Qx·Qy = 1
- wastani wa Qy² = 1, na Qz² = 1

Qy² haibadiliki kabisa hata uongeze γ namna gani, kwa sababu mtiririko huu unasukuma upande wa x tu. Ikibadilika, umechanganya mihimili mahali fulani. Qx·Qy ikitoka −1, alama ya kujumlisha na kutoa imegeuka kwenye mtiririko.

Kuna tatizo linaloibuka hapa na ambalo halijitangazi. Kitovu cha jozi kinatangatanga kwenye y, na kila kikipanda kinabebwa kwa kasi kubwa zaidi kwenye x. Baada ya muda mrefu x inakuwa nambari kubwa mno, na tofauti ndogo kati ya shanga mbili inaanza kupoteza tarakimu. Dawa ni kuondoa mahali pa kitovu kila baada ya miruko kadhaa, jozi irudi kwenye asili ya mihimili. Umbo halibadiliki. Usifanye hivyo tu pale unapopima usambaaji wa kitovu chenyewe.

## Hatua ya 4: Refusha uwe mnyororo

Sasa N = 20, springi 19, bado springi za kawaida zinazovutika bila kikomo. Shanga za katikati zinavutwa na springi mbili, za ncha kwa moja. Hakikisha jumla ya kani zote za mnyororo mmoja ni sifuri kwenye kila mruko. Isipokuwa sifuri, springi moja inavuta upande mmoja bila kujibiwa upande wa pili.

Anza kwa kuchora kila springi kwa nambari za Gauss, usianze na mstari ulionyooka. Mnyororo ulionyooka hutulia, lakini unakula muda mrefu, na asiyejua huanza kupima kabla haujamaliza kujikunja.

Mtiririko ukiwa umezimwa, pima vitu viwili:

- Wastani wa mraba wa umbali wa ncha hadi ncha: 3 × 19 = 57.
- Usambaaji wa kitovu: D = kT/(Nζ) = 0.05, yaani mraba wa umbali ambao kitovu kimesafiri unakua kwa 0.3 kwa kila kipimo cha muda.

Minyororo 1,000 ikipimwa mara moja inatoa ile 57 kwa yumbayumba ya asilimia 2.6 hivi. Ukipata 60 mara moja, usianze kubomoa programu. Ukipata 60 kila mara, bomoa.

## Hatua ya 5: Weka springi yenye kikomo

Hapa ndipo NaN zinapozaliwa.

Springi ya kawaida ikiwekwa kwenye mtiririko mkali inavutika bila mwisho, jambo ambalo molekuli halisi haiwezi. Kwa hiyo tunaweka springi inayokaza kadiri inavyokaribia urefu wake wa juu, Q₀. Inayotumika sana ni FENE (kifupi cha Kiingereza cha springi yenye kikomo cha kuvutika):

F = H·Q / (1 − Q²/Q₀²)

Weka H·Q₀²/kT = 50, yaani Q₀ = √50, takriban 7.07. Springi 19 zikinyooka zote, urefu wa mnyororo ni 134 hivi.

Sasa fikiria springi imefika 7.0. Msukumo wa nasibu wa mruko mmoja unaweza kuipeleka 7.1. Hapo kile kilicho chini ya mstari wa mgawanyo kinageuka hasi, na kani inageuka nayo: badala ya kuvuta ndani inasukuma nje. Kwenye mruko unaofuata springi iko mbali zaidi, na baada ya miruko michache hakuna nambari iliyosalia. Hakuna kosa la hesabu lililofanyika. Mruko ulikuwa mrefu mno tu kwa springi hiyo, kwa sekunde hiyo.

Kuna njia tatu za kulikabili.

Punguza mruko. Kwa Δt = 0.01 msukumo wa nasibu wa ushanga ni kama 0.14 kwa kila mhimili. Kwa 0.001 ni 0.045. Mtiririko wa wastani unavumilia 0.001. Ni njia butu lakini ya wazi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza.

Kataa mruko mbaya. Springi yoyote ikipita, tuseme, 0.99 ya Q₀, rudisha mnyororo huo ulipokuwa na uurushe tena kwa miruko midogo zaidi. Tahadhari: ukitupa misukumo ya nasibu iliyokukera na kuchagua mingine, unaupendelea mnyororo usivutike, na matokeo yanapinda. Hesabu ni mara ngapi unakataa. Ikiwa ni nadra sana, madhara hayaonekani. Ikiwa ni kila mara, mruko wako wa msingi ni mkubwa.

Tatua kani ya kesho badala ya ya leo. Kani inahesabiwa kwa urefu wa springi baada ya mruko, si kabla. Kwa FENE hii inaleta mlinganyo wa daraja la tatu kwa kila springi, wenye jibu moja tu kati ya 0 na Q₀, kwa hiyo springi haiwezi kuvuka kikomo. Kazi ya kuandika ni kubwa zaidi, lakini unaruhusiwa miruko mirefu. Wanaofanya mtiririko mkali huishia hapa.

Kitu kimoja usifanye: kuikata springi iliyopita kikomo iwe 0.99 ya Q₀ kimyakimya na kuendelea. Programu haitalipuka tena, na mkazo utakaoupima utakuwa umetokana na mkasi wako.

Utajuaje umefaulu. Mtiririko ukiwa umezimwa, wastani wa Q² kwa springi moja ya FENE ni 3b/(b + 5), ambapo b ni ile 50. Hiyo ni 2.73. Ncha hadi ncha kwa springi 19 ni 51.8.

## Hatua ya 6: Pima muda wa kulegea kabla ya kutaja nguvu ya mtiririko

Mtiririko wenye γ = 0.5 ni mkali au ni mpole? Swali halina jibu mpaka ujue mnyororo wenyewe unachukua muda gani kujikunja. Uwiano wa vitu hivyo viwili, Wi = γ·τ, ambapo τ ni huo muda wa kulegea, ndio unaolinganishwa kati ya programu na programu, au kati ya programu na maabara. Wi chini ya 1, mnyororo unajikunja haraka kuliko unavyovutwa. Wi kubwa, mtiririko unashinda.

Na hapa ndipo ile mara mbili inapojificha. Vekta ya ncha hadi ncha inasahau ilikotoka kwa muda fulani. Mraba wa vekta hiyo unasahau kwa nusu ya muda huo. Watu wawili wanaweza kupima mnyororo uleule, kila mmoja akasema "muda wa kulegea", na nambari zao zikatofautiana mara mbili bila yeyote kukosea.

Kwa springi za kawaida hesabu inajulikana. Muda wa vekta ni ζ/(4H·sin²(π/2N)), ambao kwa shanga 20 ni 40.6. Muda wa mraba, ambao pia ndio wa mkazo, ni 20.3. Tumia wa pili, kisha uandike wazi kwamba umetumia huo. Ni kwa muda huo wa pili ndipo mtiririko wa kuvuta kwa kunyoosha huufumua mnyororo Wi ikipita 0.5. Ukiutumia wa kwanza, mpaka huo unahamia kwenye 1.

Kwa FENE pima mwenyewe:

1. Nyoosha minyororo 1,000 hadi asilimia 70 hivi ya urefu wote, upande wa x.
2. Izime mitiririko yote, iache ijikunje.
3. Rekodi wastani wa x² wa ncha hadi ncha kila baada ya muda mfupi.
4. Toa thamani yake ya utulivu, kisha chora logi ya kilichobaki dhidi ya muda.
5. Chukua mteremko wa sehemu ya mwisho tu, mnyororo ukiwa chini ya asilimia 30 ya urefu wote.

Sehemu ya mwanzo haifai kwa sababu springi zilizokaza zinarudi kwa kasi isiyo ya mnyororo uliolegea. Grafu yako itakuwa imepinda mwanzoni na kunyooka baadaye. Isiponyooka kamwe, endelea kusubiri. Tarajia nambari iliyo chini kidogo ya 20.3.

## Hatua ya 7: Endesha mtiririko wenyewe

Chukua τ yako, weka Wi = 10, utapata γ ya karibu 0.5. Endesha kwa 10τ bila kupima chochote, halafu ndipo uanze kukusanya. Rudia kwa Wi nyingine, na kila unapopanda juu jaribu tena kwa mruko ulio nusu. Jibu likibadilika kuliko yumbayumba yake, mruko wa kwanza ulikuwa mkubwa.

Wengi huja hapa wakitarajia mnyororo unyooke na kubaki hivyo, na wanapouona unarudi nyuma wanadhani wameharibu. Fungua mnyororo mmoja, uchore urefu wake wa x dhidi ya muda. Utaona unapanda, unakaa kidogo, unaporomoka hadi karibu na sifuri, unapanda tena. Misukumo ya joto huisukuma ncha moja hadi kwenye tabaka la upande wa pili, mtiririko unaidaka na kuirudisha kinyume, mnyororo unajikunja katikati na kupinduka. Haufanyi hivyo kwa ratiba, lakini mara za kupinduka huongezeka Wi inapopanda, kwa kasi ndogo kuliko γ yenyewe: karibu na γ kwa kipeo cha 2/3.

Hivyo wastani wa urefu haufiki karibu na 134. Majaribio ya mwaka 1999 kwa molekuli mojamoja za DNA ya virusi lambda, yenye jozi za besi 48,502, yalionyesha jambo hilohilo: hata kwenye mtiririko mkali wastani ulisalia chini ya nusu hivi ya urefu wote. Programu yako ikionyesha asilimia 90, kagua mstari wa mtiririko na wa misukumo ya nasibu.

## Hatua ya 8: Toa mnato

Mchango wa minyororo kwenye mnato unatokana na springi. Jumlisha Qx·Fy kwa springi zote 19, chukua wastani wa minyororo yote, gawa kwa γ. Zidisha kwa idadi ya minyororo kwa ujazo ukitaka kipimo kamili.

Jaribu kwanza kwa springi za kawaida: jibu ni (N² − 1)/12, yaani 33.25, na halibadiliki kwa γ yoyote. Kwa FENE litaanza chini kidogo ya hapo na kushuka kadiri Wi inavyopanda.

Kwenye γ ndogo utakutana na ukungu: ishara ni ndogo, yumbayumba ni kubwa, na wewe unagawa kwa nambari iliyo karibu na sifuri. Kabla hujaongeza minyororo mara mia, tumia hila hii. Mpe kila mnyororo pacha asiye na mtiririko, aanze umbo lilelile, apokee nambari nasibu zilezile. Qx·Fy ya pacha ina wastani wa sifuri, lakini inayumba pamoja na ndugu yake. Itoe, na sehemu kubwa ya yumbayumba inakwenda nayo. Hila hii inafifia Wi ikipita 1, kwani mapacha wanaachana.

## Hatua ya 9: Ukitaka shanga zisikiane kupitia maji

Mpaka hapa kila ushanga umekuwa ukisogea kana kwamba maji yanayosukumwa na mwenzake hayapo. Kwa kweli ushanga unaosogea unavuta maji, na maji yanamvuta jirani. Ukiongeza hilo, muda wa kulegea unakua kwa N kwa kipeo cha 1.5 badala ya N² kwenye mnyororo wa namna hii.

Mvutano huo huandikwa kama jedwali la nambari linalosema kani kwenye ushanga mmoja inavyowasogeza wengine. Tumia jedwali la Rotne–Prager–Yamakawa, si la Oseen. La Oseen hukataa kutoa mzizi pale shanga zinapokaribiana sana, na programu inafia hapo. Misukumo ya nasibu nayo haiwi huru tena, lazima ipitishwe kwenye mzizi wa jedwali lenyewe. Kwa njia ya Cholesky, inayotoa mzizi huo kikamilifu, gharama inapanda kwa N³: shanga 20 hazina shida, shanga 500 zitakufanya utafute makadirio ya Chebyshev, yanayoukaribia mzizi kwa gharama ndogo.

Jaribio la kwanza la programu mpya ni kuweka nusu kipenyo cha kuvutana kuwa sifuri huku ζ ikibaki 1. Lazima urudi kwenye 51.8, kwenye 0.05, na kwenye τ uliyoipima hatua ya 6. Baada ya hapo washa mvutano. Ile 51.8 itabaki vilevile, kwani maji hayabadilishi umbo la mnyororo uliotulia, lakini τ ya zamani haitumiki tena. Ipime upya kabla ya kuandika Wi yoyote.